Maziwa ya Meza Kuu

Kabla sijaolewa nilikuwa karani wa maziwa, na kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyokubali kusema mbele ya watu. Kituo chetu kilikuwa chumba cha mabati kando ya barabara huku Bahati, chenye dirisha moja pana na meza ya saruji iliyokuwa baridi asubuhi zote za mwaka. Mashamba ya Wazungu yalikuwa yamegawanywa, kila familia ikapata ekari zake chache na ng'ombe wawili watatu, na ushirika ndio uliokusanya maziwa ya wote na kuyapeleka kiwandani. Mimi nilikaa dirishani. Mtu alileta mkebe wake, nikachota kidogo, nikamimina kwenye chombo kirefu, kisha nikatumbukiza kipimo cha kioo. Kipimo kikielea pale kwenye alama, maziwa ni safi. Kikizama kupita alama, maji yameingia.

Maziwa yenye maji hayakupokelewa. Wala hayakurudishwa yakiwa meupe, kwa sababu mwenyewe angeyapeleka kwenye hoteli za mjini Nakuru akayauza huko. Kwa hiyo sheria ilinitaka niyatie rangi ya buluu, mwenyewe akiona. Matone machache tu, nakoroga, basi. Kazi yake tangu hapo ni kunywewa na ndama. Na aibu yake isikieni: mtu akionekana njiani anarudi na mkebe wa buluu, habari ilimtangulia nyumbani. Wiki nzima wanawake kisimani walimsalimia kwa upole wa kupita kiasi, ule upole wenye kisu ndani.

Sasa nimseme mtu mwenyewe. Alikuwa diwani wetu na pia mzee wa kanisa, tena ndiye mwenyekiti wa wazee wote wa kanisa, na watu walijua kwamba uchaguzi ukifika atautaka ubunge. Alikuwa na pikapu ya kijani, koti la suti hata siku za jua, na sauti tamu sana. Nasema kweli, alipoomba, hata mimi niliyekuja kumjua nilifumba macho. Alipenda kuhubiri juu ya usafi. Kuna msichana aliyemtoa kwenye kwaya kwa sababu sketi ilipanda juu ya goti. Kuna mzee wa watu aliyemkalisha benchi la nyuma mwaka mzima, hana ruhusa ya meza ya Bwana, kwa sababu alionekana ameshika chupa ya bia. Ameshika! Kama aliinywa, hakuna aliyeuliza.

Maziwa ya nyumba yake yalikuwa mazuri miaka yote. Mke wake, mama mmoja mtulivu aliyefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, alikamua mwenyewe, hakumwachia mfanyakazi. Mume aliyapakia kwenye pikapu, akayashusha kwangu, akaendelea na safari zake za mjini. Siku moja kipimo kikazama. Nikadhani nimekosea. Nikakipangusa, nikarudia, kikazama tena.

"Mzee, hii maziwa iko na maji," nikamwambia kwa sauti ya chini, maana foleni ilikuwa ndefu.

Akacheka. "Msichana yangu, hiyo kitu yako imeharibika. Mimi niweke maji kwa maziwa? Mimi?"

Watu nyuma yake wakacheka pia. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka, nikamimina maziwa yake kwenye mkebe mkubwa pamoja na ya wengine.

Jioni lori likarudi na mkebe ule kutoka kiwandani. Ulikuwa umekataliwa wote. Ndani yake mlikuwa na maziwa ya nyumba sita, na mojawapo ilikuwa ya mjane mmoja jirani yetu, mwenye ng'ombe mmoja na watoto watano. Alikuja dirishani, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Yangu ilikuwa na shida gani, mama?" Usiku ule nililala vibaya, na asubuhi nikapiga moyo konde: diwani au si diwani, kipimo kikizama, rangi inaingia.

Ikaingia. Katika miezi mitatu iliyofuata niliyatia rangi maziwa yake mara nane, labda tisa. Si kila siku, ndiyo maana iliniudhi zaidi, kwa sababu kila asubuhi niliingoja kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Hakuwa anapiga kelele. Alisimama akitazama matone yakishuka, akimwagiza mfanyakazi wake arudishe mkebe nyumbani kwa mkokoteni, kisha akaenda zake mjini. Kwa watu alisema karani ana chuki naye. Wengi walimwamini. Kati ya neno la diwani na neno la msichana wa miaka ishirini na mbili, wewe ungeamini la nani?

Wakati huo huo mimi nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa fundi wa reli pale Nakuru, mtoto wa landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, baba yake alitoka upande wa magharibi kuja kufanya kazi ya treni na hakurudi tena. Hakuwa wa kabila letu wala wa kanisa letu. Baba yangu aliyameza hayo mawili kwa shida, akaweka sharti moja: ndoa iwe ya kanisani, kanisani kwetu, na bila ndoa hiyo sitoki nyumbani kwake. Mchumba wangu alikubali, akabatizwa upya kichwa kikiwa kimenyolewa vizuri. Kisha reli ikamletea barua ya uhamisho. Alitakiwa Kisumu kabla ya mwezi kwisha. Tungefunga ndoa kabla ya hapo au angeondoka peke yake, na kwa jinsi baba alivyokuwa akimtazama yule kijana, nilijua akiondoka peke yake hatarudi kukuta mlango wazi.

Kanisani, ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Majina yanasomwa, na mwenye pingamizi anaambiwa aseme. Pingamizi likitolewa, ndoa inasimama mpaka wazee waketi na kulichunguza. Na wazee wetu walijua kuchunguza! Kuna jozi moja waliyoichunguza mpaka bibi arusi akachoka, akaolewa kwingine. Sisi tulikuwa tumesomwa mara mbili na hakuna aliyekohoa. Gauni lilikuwa tayari kwa fundi wa Kihindi mjini, ambaye alinipunguzia kiuno mara mbili bure, akisema wasiwasi unanikondesha.

Jumapili ya tatu ilikuwa pia siku ya kupokea askofu. Ng'ombe hawajui Jumapili, kwa hiyo alfajiri nilikuwa dirishani kama kawaida. Diwani akaja na suti yake nyeusi, maana alikuwa anakwenda mjini kumchukua askofu kwa pikapu. Akaweka mkebe. Nikachota, nikatumbukiza kipimo, nikakiangalia kikishuka, kikapita alama, kikaendelea kushuka.

Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya rangi. Akauweka mkono wake juu ya wangu, taratibu, kama mzazi.

"Binti," akasema, "jina lako imesomwa mara mbili. Imebaki moja. Leo ni siku ya askofu. Wewe pokea hii maziwa, mimi nikae kimya, wewe uolewe. Ama namna gani?"

Nilimwona mchumba wangu kwenye treni peke yake, nikaliona gauni linaning'inia kwa Mhindi. Nikamwona pia yule mjane. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimekasirika tu, na hasira yangu tangu utotoni huniingia kwenye mikono kabla haijafika kichwani. Niliuvuta mkono wangu, nikatia rangi. Nilitia nyingi kuliko sheria inavyotaka. Maziwa yakawa buluu kama sare ya shule.

"Haya," akasema. Akamwita mfanyakazi apeleke mkebe nyumbani, akapanda pikapu.

Saa nne kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Askofu alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyezaliwa mjini na kusomea ng'ambo. Mchungaji wetu, mwoga kama kuku mgeni, akasimama kusoma matangazo. Aliposoma majina yetu mara ya tatu, nilishika benchi.

Diwani akainuka. "Baba Askofu, niko na mzigo kwa roho," akaanza, na ile sauti tamu ikajaa nyumba. Alisema imemuuma sana kusema, lakini angekuwa mzee wa namna gani akinyamaza? Alisema huyu kijana wa reli ana mwanamke mjini. Amempangia nyumba, anampelekea chakula, anaingia na kutoka kama kwake. "Na sikuambiwa. Nimemuona na hii macho yangu. Huko mtaa wa Section 58, asubuhi, na tena si mara moja."

Watu wakaguna. Mchumba wangu akasimama kule upande wa wanaume, akapiga kelele, "Huo ni uongo!" Wakamketisha kwa kumvuta koti. Baba yangu aliinamisha kichwa. Mama akanikamata mkono akauminya mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki za mwezi.

Mchungaji akajikanyagakanyaga, akasema pingamizi limepokelewa, wazee wataketi baada ya chai. Mwenyekiti wa kikao hicho mnamjua.

Chai ya wageni ilikuwa na taratibu zake. Sisi watu wa kawaida tulinyweshwa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa kwenye sufuria kubwa uani. Meza kuu, iliyowekwa uwanjani kwenye nyasi, ililetewa kila kitu mbalimbali, kizungu: chai kavu kwenye birika, sukari kwenye bakuli, maziwa kwenye jagi jeupe lililofunikwa kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni. Heshima ya kutengeneza meza hiyo ilikuwa ya mke wa diwani, kwa sababu nyumba yao ilipakana na uwanja wa kanisa na yeye ndiye aliyekuwa na vikombe vinavyofanana. Tulimwona akitoka kwake na sinia, akitembea polepole asimwage. Akaipanga meza, akasimama nyuma kidogo, mikono mbele, kama wanavyosimama wake wa wakubwa.

Askofu akaomba. Akajimiminia chai. Akainua kitambaa cha shanga, akashika jagi, akamimina.

Yakatoka buluu.

Mkusanyiko ule wote, kuanzia bibi wa mwisho hadi mpiga kengele, walikuwa watu wa ng'ombe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Askofu peke yake hakujua kitu. Alitazama kikombe, akatazama jagi, akauliza kwa uchangamfu wake, "Hii ni ya kienyeji?"

Yule mjane, ambaye alikuwa ameketi karibu kabisa, akasema bila kuinuka, "Hiyo ni maziwa ya maji, Baba Askofu. Mtu akiweka maji, karani anaweka rangi."

"Karani ni nani?"

Mchungaji akaninyooshea kidole. "Ni huyu bibi arusi."

"Na maziwa ni ya nani?"

"Ni yetu," akasema mke wa diwani.

Diwani akapata sauti. "Ni makosa ya jikoni! Ni ya ndama, wanawake wamechanganya!" Na papo hapo akajiona amesema nini, maana kama ni ya ndama, basi ni kweli yalitiwa rangi, na kama yalitiwa rangi, ni kweli yalikuwa na maji. Mtu fulani nyuma akacheka kwa pua. Kicheko hicho kikatembea benchi hadi benchi, wakubwa wakijikaza, watoto wakiachia kabisa.

Askofu hakucheka. Aliniita mbele, akaniuliza rangi niliitia lini. Nikamwambia alfajiri ileile, kabla ya ibada. Akaniuliza kama mwenye maziwa alisema neno lolote. Nikamweleza yote, kuanzia mkono uliowekwa juu ya wangu. Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka kama ya mtoto anayesoma shairi, lakini nilifika mwisho. Askofu akageuka, akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote aliyemwona kijana wa reli huko Section 58. Akangoja. Alingoja muda mrefu wa kutosha kumaliza kikombe. Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi tangazo la tatu limesomwa," akasema. "Mchungaji, wafungishe ndoa Jumamosi. Na nipatie sturungi, chai kavu tu, nina kiu."

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeizuia, nadhani, tangu siku ile lori liliporudi. Nikaketi chini hapo hapo kwenye nyasi na nguo yangu ya Jumapili. Mchumba wangu akaja akaketi kando yangu, akicheka na kufuta macho, akiniuliza kila mara, "Kwa hivyo ni sawa? Ni sawa?" Baba alikwenda nyuma ya kanisa kwa muda mrefu. Aliporudi alimpa mkono yule kijana, mara ya kwanza bila kutazama pembeni.

Habari ya kijiji ikawa kwamba Mungu mwenyewe alimfanya mama wa watu akosee mkebe. Nilisikia mchungaji akiihubiri hivyo baadaye, kwa ujasiri ambao hakuwa nao siku yenyewe. Diwani aliacha uzee wa kanisa kwa sababu za afya. Udiwani alikaa nao mpaka muhula ulipokwisha, hakuna aliyemkamata, ubunge akagombea akashindwa vibaya. Mimi pia niliiamini ile habari ya kukosea mkebe, lakini kwa siku mbili tu.

Jumanne mke wake alikuja dirishani mwenyewe, mkebe mgongoni kwa mkanda, hana pikapu wala mfanyakazi. Alingoja foleni yote iishe. Nilitaka kumsalimu, akanitangulia.

"Nilikuwa nakuchukia," akasema. "Miezi tatu. Nakamua maziwa yangu na mkono yangu, safi, najaza mpaka kwa shingo. Inarudi buluu. Ananiambia ni wewe. Kila jioni nilikuwa nakutaja kwa maombi, na si kwa uzuri."

Nikamwambia maji yalikuwamo kweli, mama, nilipima kila mara zaidi ya mara moja.

"Najua. Iko kamkebe kangu kadogo, ka lita tatu. Kalikuwa kanapotea jikoni asubuhi, jioni nakapata mahali pake. Kameoshwa. Kameoshwa vizuri, mpaka chini ya mfuniko, na sabuni ya kunukia. Wewe umewahi kuona mwanaume anajua kuosha mkebe wa maziwa?" Aliniangalia kwanza mpaka nikatikisa kichwa. "Nikajua kuna mwanamke mahali. Anachota yangu anampelekea, anajaza maji nisione imepungua. Lakini mahali gani? Nilikuwa nauliza Mungu hiyo tu, mahali gani. Na Jumapili mzee akasimama mbele ya askofu akasema yeye huwa Section 58 asubuhi, si mara moja."

Nikalisogelea dirisha.

"Nilienda nyumbani kutengeneza meza. Mikebe zote mbili zilikuwa hapo, ya asubuhi na ya jana jioni. Buluu na nyeupe. Sikukosea mkebe, mama. Niliangalia zote mbili vizuri, nikachagua."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka meza, nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kumshukuru. Nilimshukuru kwa ndoa yangu, kwa baba yangu, kwa kila kitu, maneno yakinitoka ovyo. Aliniacha niseme, kisha akaitoa mikono yake polepole.

"Usinishukuru," akasema. "Kama angetaja mtaa ingine, yoyote, ningewaletea ile nyeupe. Na wewe ungekuwa unangojea mpaka leo."

Akausogeza mkebe wake juu ya meza, akasema nipime.